Aliyeacha pombe aende wapi saa kumi na moja jioni?

Kuna fundi seremala mtaani kwetu ambaye tangu mwezi wa tatu hafungi karakana mapema. Zamani jua likianza kulala tu, randa inapandishwa juu ya kabati na mwenyewe anavuka barabara. Siku hizi nikirudi kazini namkuta bado yuko kwenye benchi, taa ya chaja inawaka, anapiga randa. Mara ya kwanza nilidhani amepata kazi ya haraka. Mara ya pili nikasogea kutazama. Ubao ulikuwa umeshanyooka zamani. Maranda yalitoka membamba kama ganda la kitunguu, na ubao ulioanza siku ukiwa wa mlango ulikuwa unaelekea kuwa wa dirisha.

“Fundi, mbona hufungi?”

“Nikifunga niende wapi, kaka?”

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Ng'ambo ya barabara, hatua thelathini hivi, viti vyekundu vya plastiki vilikuwa vinapangwa, spika inajaribiwa, moshi wa mishikaki umeanza kupanda. Miaka kumi na kitu fundi alikuwa na kiti chake pale, na wenzake bado wanamwekea.

Tangu jioni ile nimekuwa na neno linalonikereketa, na leo nalisema. Sisi ni hodari wa kumwambia mlevi aache. Tunamwambia kanisani, msikitini, kwenye vikao vya ukoo, hata na mabosi wanamwambia. Ila hatujamwandalia mahali pa kwenda jioni akishaacha. Mtu aliyekuwa na kundi la kunywa nalo hawezi kubaki bila kundi. Anahitaji jingine, la watu walioacha au wanaohangaika kuacha, lililo karibu kiasi cha kufikika kwa miguu, na linalokutana saa ileile baa inapoanza kuchangamka. Lisipokuwepo mtaani, lianzishwe. Kulianzisha kunahitaji watu wawili na chupa ya chai.

Sebule yenye muziki

Wahubiri huizungumzia baa kama shimo. Anayekaa humo kila jioni anaiona sebule. Pale ng'ambo fundi anajulikana kwa jina, na mhudumu hana haja ya kumuuliza anatumia nini. Mama yake alipofariki Singida, waliomchangia nauli na jeneza kabla hajafungua mdomo ni watu wa meza ile, na ndio waliojaza nusu ya Coaster iliyokwenda kuzika. Asipoonekana siku mbili, simu inaita: “Fundi, unaumwa?” Nawe msomaji, mara ya mwisho ulipokosa ibada wiki mbili mfululizo, nani alikupigia?

Kwa hiyo fundi alipoacha bia aliachana pia na marafiki, na habari za mtaa, na oda za kazi, maana nusu ya vitanda alivyotengeneza viliagizwa pale mezani. Akabakiwa na saa tatu za kila siku ambazo hajawahi kuzipangia shughuli nyingine tangu awe kijana. Hizo saa tatu ndizo zinazowarudisha wengi. Siku ya kwanza ya kuacha ina hamasa yake, mke anafurahi, watoto wanashangaa. Siku ya arobaini, mvua inanyesha, kazi hakuna, mwenye nyumba amepiga simu ya kodi ya miezi sita, na ng'ambo wanacheka. Nani atakuwa naye siku ya arobaini?

Mtaa nao haumpi nafasi ya kupumua. Kwenye harusi, ukikataa bia unaulizwa kama una tatizo. Fundi amejifunza jibu ambalo kila mnywaji wa Tanzania analiheshimu: “Niko kwenye dozi.” Ukisema hivyo hakuna anayekushawishi tena, kila mtu anajua vidonge na bia havipatani. Tatizo, dozi yake sasa ina miezi mitano, na juzi shemeji yake mmoja alimvuta pembeni kumuuliza kwa huruma ni ugonjwa gani hasa. Fikiria hali ilivyo. Ni rahisi zaidi kwa mtu mzima kudhaniwa ana maradhi makubwa kuliko kusema ameacha pombe.

Nyumbani nako si raha moja kwa moja, kama tunavyopenda kuhadithia. Mkewe aliniambia, “Shemeji, alipokuwa analewa nilikuwa najua alipo. Siku hizi akichelewa dakika kumi, moyo unanidunda.” Watoto walizoea kunyamaza baba akiingia, na bado wananyamaza. Pesa zimeanza kuonekana, hilo kweli. Bia tatu kwa siku ni bia tisini kwa mwezi, na hapo hujahesabu ofa za Jumamosi, nyama, na bodaboda ya kumrudisha. Lakini amani haijaja pamoja na pesa. Mwanamume aliyenyimwa pombe na asipewe kitu mahali pake hukaa sebuleni kama abiria aliyekosa basi, na anayemgusa analo.

Dawa za kwenye nguzo

Pita barabara yoyote ya Dar es Salaam usome nguzo za umeme. Katikati ya matangazo ya mvuto wa mapenzi na ya wanaosafisha nyota utakuta dawa ya kuachisha pombe, na chini yake maneno yanayowavutia akina mama: mhusika anawekewa bila kujua. Mke aliyechoka hununua, akatia kwenye mchuzi. Simlaumu mke. Lakini hajui kilichomo, na hata hospitali ina dawa iitwayo disulfiramu ambayo humfanya mtu akinywa pombe juu yake aive uso, atapike, moyo uende mbio. Daktari humpa mgonjwa anayeijua na aliyeikubali. Kumvizia mtu kwa kitu cha namna hiyo ni kucheza na uhai wake.

Wengine humfungia ndani. Hapa naomba nisikilizwe na kila nyumba yenye mnywaji wa kila siku, hasa wa gongo na pombe kali. Mwili uliozoea pombe kwa miaka ukikatiwa ghafla unaweza kuleta balaa. Mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hupotea. Wapo wanaoanguka kama wenye kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na wapo ambao siku ya pili au ya tatu huanza kuona wadudu ukutani na kuzungumza na watu wasiokuwepo. Majirani husema amerogwa, au mapepo yanatoka. Hapana. Ni mwili unadai, na hali hiyo huua. Mahali pake ni hospitali, ambako ipo dawa ya kumvusha siku hizo. Kikundi ninachokitetea huja baadaye, au sambamba na tiba. Hakimfungi mtu kamba wala hakitoi vidonge.

Serikali nazo hupenda njia ya kufunga bomba. Tanzania ilipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na mimi niliunga mkono, maana pombe ya kwenye pakiti ilikuwa imeshaingia kwenye mifuko ya sare za shule. Pakiti zilitoweka. Kiu haikutoweka, ikahamia kwenye chupa ndogo. Kenya, Julai 2015, mapipa yalimwagwa mchana kweupe katika uliokuwa mkoa wa kati baada ya amri ya Rais Uhuru Kenyatta. Picha zilikuwa nzuri. Jioni yake wale waliokuwa wakinywa mapipa hayo walikwenda wapi?

Walau Kiambu walijaribu kulijibu swali hilo. Mwaka 2018 kaunti ilianzisha mpango ulioitwa Kaa Sober. Wanywaji walipewa kazi za kuzibua mitaro na kufyeka nyasi, wakalipwa shilingi 400 za Kenya kwa siku, na ushauri nasaha ukiwemo. Wengi walicheka kwamba walevi wanalipwa kwa kulewa. Siasa ikauzonga, na haukudumu. Lakini aliyeubuni alikuwa ameona kitu: aliyeacha pombe anahitaji mahali pa kuamkia na watu wa kuwa nao. Kasoro yake kubwa, nionavyo, ni kwamba ulitegemea mfuko wa kaunti, na mfuko wa kaunti una mwisho. Kikundi kisicho na mfuko hakina cha kukatwa.

Akron, jioni moja ya Mei

Mfano mkubwa kuliko yote wa jambo hili ulianza kwa mtu aliyekuwa na shida ileile ya fundi wetu. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa kutoka New York, alikuwa Akron, Ohio, ugenini. Biashara iliyompeleka ilikuwa imekwama. Alikuwa na miezi mitano hajaonja. Akasimama kwenye ukumbi wa hoteli, upande mmoja baa inachangamka, upande wa pili kuna simu. Akaifuata simu. Alikuwa akiwapigia watu wa makanisa, na hakuomba maombi. Aliomba aonyeshwe mlevi mwenzake wa kuzungumza naye.

Hatimaye akaunganishwa na daktari mpasuaji wa mji ule, Bob Smith, mlevi wa kutupwa. Wakakutana kesho yake, Jumapili, saa kumi na moja jioni. Daktari alikuja na hangova, akasema hana zaidi ya dakika 15. Walipoachana saa tano ya usiku ilikuwa imepita. Hata baada ya hapo daktari aliteleza tena mara moja, na tarehe aliyokunywa kwa mara ya mwisho, 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ambayo dunia nzima inaiita AA.

Kilichomshika daktari yule ni nini? Mahubiri alikuwa ameyasikia, na vitabu vya tiba alikuwa amevisoma. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa mara ya kwanza alikuwa anasikilizwa na mtu ambaye naye alishaficha chupa na kumdanganya mkewe, mtu aliyejua kuzimua ni nini: kuamka mikono inatetemeka ukakimbilia glasi ya kwanza ili uweze kufunga vifungo vya shati. Mbele ya mtu kama huyo hakuna cha kujitetea. Unasema ukweli, na yeye anatikisa kichwa kwa kuwa ukweli wako ni wake.

Watu huuliza kama haya mazungumzo yanafanya kazi kweli au ni kupeana moyo tu. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na John Kelly wa Harvard walikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Waliona kwamba kumsaidia mtu ajiunge na AA kwa utaratibu mzuri kunalingana na tiba nyingine zinazoheshimika, na katika kumfanya asiguse pombe kabisa mara nyingi kunazipita. Tena ni bure. Sharti la uanachama ni moja: hamu ya kuacha. Hakuna ada, hakuna kadi, na jina la ukoo halitajwi.

Baa ina taa, kikundi hakina kibao

Vikundi hivi vipo Afrika Mashariki. Nairobi ina mikutano ya AA ya miaka mingi, mingi kwenye kumbi za makanisa, na Mombasa, Dar es Salaam na Arusha imo. Kwa nini basi fundi hakujua? Kwa sababu kanuni yao ni kutojitangaza. Baa ina taa za rangi na spika ya kusikika mtaa wa pili, ilhali kikundi cha walioacha hukutana kwenye chumba cha nyuma na hakina kibao. Kutojulikana kunamlinda mwanachama, na katika mitaa yetu, ambako jirani anajua hata umepika nini, ulinzi huo ni lazima. Lakini unakificha kikundi pia kwa yule anayekitafuta. Kwa hiyo wanaopaswa kujua kiko wapi ni wengine: muuguzi wa zahanati, padri, imamu, mjumbe wa nyumba kumi, afisa ustawi wa jamii. Nimewauliza wawili watatu wa aina hiyo hapa kwetu. Wote walinijibu kwa upole, na wote walinielekeza kwa mwingine.

Kikwazo kingine ni lugha. Baadhi ya mikutano ya miji yetu huendeshwa kwa Kiingereza. Mtu anayetubu mambo yake ya ndani anatubu kwa lugha aliyotukaniwa nayo na kubembelezewa nayo. Fundi wangu aelezee kwa Kiingereza jinsi alivyouza cherehani ya mkewe? Waliowahi kulielewa hili mapema ni watu wa Zanzibar. Vijana walioacha unga walifungua huko nyumba za upataji nafuu, soba hausi kwa lugha ya kila mtu, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Wakazichukua zile hatua kumi na mbili za Akron wakazizungumza kwa Kiswahili cha barazani, na Ramadhani inawakuta humo wanafunga pamoja. Nyumba kama hizo zikaenea hadi bara. Nyingi zilijengwa kwa ajili ya mateja wa heroini, lakini mlevi wa pombe akibisha hodi, anayekaa mle anaijua hali yake. Kwa anayetafuta pa kuanzia, huko ni mahali pazuri pa kuuliza. Kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa ni pengine. Walio Kenya wana simu ya bure ya NACADA, 1192.

Sijazungumzia wanawake, na najua kuna msomaji ameliona. Mwanamume akilewa anaitwa mlevi, mwanamke akilewa anapewa jina jingine. Yeye hanywi kwenye kiti chekundu, anakunywa jikoni, kwenye kikombe cha chai, mlango umerudishwa. Mficha maradhi, kilio humfichua, ndiyo, lakini huyu ana sababu ya kuficha. Kumwambia aende akakae na wanaume kumi awasimulie ni kumwambia asiende. Wakipatikana wawili, waanze chao. Na walio nyumbani, wanaoishi na mlevi, wana chao pia tangu 1951, Al-Anon, kilichoanzishwa na mke wa yule Bill Wilson na mwenzake. Yule mama wa “moyo unanidunda” anahitaji chumba chake kama mumewe anavyohitaji chake.

Ufunguo

Kitu kimoja kinanipa matumaini, nacho ni kwamba hatuna la kufundishwa kuhusu kukutana. Mtaa wangu una vikoba visivyopungua vinne, michezo ya upatu sijui mingapi, chama cha kuzikana, na kamati ya harusi isiyovunjwa kamwe, inabadilisha maharusi tu. Tunajua kupanga viti duara, tunajua kumtoza faini anayechelewa, tunajua kumfuata nyumbani asiyeonekana. Kikundi cha walioacha pombe ni hicho hicho, ukitoa sanduku la pesa. (Na nashauri litolewe kweli. Wenyewe wanasema kumkabidhi uhazini mtu wa wiki mbili ni kumtafutia nauli ya kurudi ng'ambo.) Yupo wa kuandaa chai, yupo wa kufungua mlango, na yupo mkongwe ambaye mgeni anaweza kumpigia usiku wa manane kiu ikimshika. Wengine wakija, vizuri. Wasipokuja, wawili wale wanatosha kuzungumza hadi zile saa tatu zipite, na zikipita hamu huwa imepungua.

Fundi amempata wa pili. Ni kijana wa bodaboda wa kijiwe cha kona, aliyevunjika mguu Desemba akiendesha huku amelewa. Anakuja karakana saa kumi na moja, anaegesha pikipiki ndani ili wenzake wasiione, anakaa juu ya fremu ya kitanda kisichokwisha. Mkewe fundi huleta chai. Sijui wanazungumza nini, na si kazi yangu kujua. Ninachojua ni kwamba randa imepumzika. Wiki iliyopita walikuwa wanne, na karakana haina nafasi ya wanne na mbao.

Ofisi ya serikali ya mtaa wetu ina chumba cha mikutano chenye viti arobaini. Hufungwa saa tisa na nusu alasiri, na kuanzia hapo hadi asubuhi ni cha popo. Nilikwenda kuomba ufunguo kwa siku mbili za wiki, saa kumi na moja hadi saa mbili. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri. Akauliza kikundi kinaitwaje. Nikamwambia hakina jina. Akauliza wanachama ni akina nani. Nikamwambia siwezi kuwataja. Akafikiri kidogo, akaniambia niandike barua.

Nimeiandika. Niliipeleka Jumatatu.